Pio Gama Pinto: Mzalendo aliyepingana na serikali tatu

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa semantiki zoezi dogo. Niliwataka waeleze, pasipo kutazama kamusi, maana ya neno 'mzalendo'. Wengi waliandika kwamba ni mtu aipendaye nchi yake. Wachache, na hao hawakuwa wale dhaifu darasani, waliandika kwamba ni mtu asiyeipinga serikali ya nchi yake. Nilipokuwa nikisahihisha kazi hizo nilisita. Iwapo huo ni mtihani wa Kiswahili, wachache hao wamekosea. Lakini iwapo ni mtihani wa jinsi neno hilo lilivyotumiwa majukwaani nchini mwetu kwa muda wa nusu karne na zaidi, yamkini wao ndio waliosikiliza vizuri kuliko wenzao.

Tuyatazame maneno yenyewe. 'Nchi' ni neno la Kibantu, nalo hutaja ardhi tunayoikanyaga na kuilima. 'Taifa' tumelipata kutoka Kiarabu, nalo hutaja watu. 'Serikali' asili yake ni Kiajemi, nalo hutaja wale walioshika hatamu za utawala. Ni maneno matatu yaliyotufikia kwa njia tatu, na kila moja lina kazi yake. Hata hivyo, katika hotuba zetu za kisiasa, hasa tangu zama za chama kimoja, yamefinyangwa yakawa kitu kimoja, hata anayemkosoa waziri akaambiwa kwamba anaichukia ardhi aliyozaliwa. Nalo neno 'uzalendo', ambalo limeshikamana na mzizi wa kuzaa, limezidisha utata. Kuna wanaodhani kwamba kuzaliwa mahali, na kuwa wa damu ya mahali hapo, ndiko kunakompa mtu haki ya kusema juu ya mahali hapo.

Sipendi kulijadili jambo hili hewani. Afadhali nimsimulie mtu mmoja ambaye maisha yake yalilijaribu kwa njia ngumu. Mtu huyo ni Pio Gama Pinto, aliyeuawa jijini Nairobi mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 37. Vijana wengi wa leo hulijua jina lake tu. Maisha yake yana mengi ya kutufunza, maana alipingana na serikali tatu mbalimbali, na sababu yake ilikuwa ile ile mara zote tatu.

Pinto alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927. Wazazi wake walikuwa Wagoa, yaani watu wa Goa, pwani ya magharibi ya Bara Hindi, ambako wakati huo kulitawaliwa na Wareno. Baba yake alikuwa mtumishi katika utawala wa kikoloni wa Kenya. Hivyo mtoto huyu alizaliwa chini ya bendera ya Uingereza, katika jamii iliyohesabiwa kuwa chini ya Ureno, juu ya ardhi ya Waafrika. Jamii ya Kenya ya wakati huo ilipangwa kama ngazi: Wazungu juu, Wahindi na Wagoa katikati, Waafrika chini. Aliyekuwa katikati alijua kwamba akinyamaza hatapanda sana, lakini pia hatashuka. Wengi walinyamaza, na si haki tuwalaumu kwa ukali, kwa sababu walikuwa na watoto wa kulea.

Akiwa na umri wa miaka minane hivi, Pinto alipelekwa India kusoma. Huko alikulia katika miaka ambayo Wahindi walikuwa wakimng'oa Mwingereza. Alisoma katika chuo cha Karnatak mjini Dharwar, akatumikia jeshi la anga kwa muda mfupi, kisha akapata kazi katika shirika la posta na simu mjini Bombay. Wafanyakazi walipogoma, naye akagoma. Hapo ndipo alipoonja kwa mara ya kwanza nguvu ya wanyonge wanaposimama pamoja.

Uhuru wa India ulipopatikana mwaka 1947, Goa ilibaki mikononi mwa Wareno. Pinto aliingia katika harakati za kuikomboa nchi ya wazazi wake. Machoni pa Wareno, Mgoa aliyedai uhuru alikuwa mwasi, na waasi walikamatwa na kupelekwa vifungoni mbali na kwao. Pinto alipojua kwamba naye yumo katika hatari hiyo, aliondoka. Serikali ya kwanza kupingana nayo ikawa hiyo ya Ureno.

Alirejea Kenya mwaka 1949, kijana wa miaka 22, akiwa ameishi ng'ambo miaka mingi kuliko aliyoishi alikozaliwa. Mimi kama mwalimu wa isimu huvutiwa sana na jambo alilolifanya baada ya kufika: alijifunza Kiswahili. Wakati huo, kwa mtu wa tabaka lake, Kiswahili kilikuwa lugha ya kumwagizia mpishi na mtumishi wa bustani, na maneno hamsini yalitosha. Pinto hakutosheka na maneno hamsini. Alikitaka Kiswahili cha mikutano, cha vyama vya wafanyakazi na cha magazeti, kwa kuwa alikusudia kufanya kazi na watu walioitumia lugha hiyo kudai haki zao.

Kazi aliipata katika ofisi ya chama cha Wahindi cha Congress, jijini Nairobi. Mchana alishughulikia barua na hesabu za chama. Muda uliosalia aliutumia kuwasaidia viongozi wa Kenya African Union, KAU, kuandaa hoja na malalamiko yao kuhusu ardhi, kuandika magazetini, na kuvisaidia vyama vya wafanyakazi. Mei 1950 serikali ilimkamata Makhan Singh, mwasisi wa muungano wa vyama vya wafanyakazi, ambaye hakuachiliwa hadi mwaka 1961. Pinto alikuwa mmoja wa wale walioendelea na kazi hiyo.

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na Jomo Kenyatta pamoja na wenzake wakatiwa mbaroni. Palihitajika mawakili wa kuwatetea katika kesi ya Kapenguria. Pinto alikuwa miongoni mwa waliohangaika huku na huko kuusaidia utetezi huo, ambao mwishowe ulikusanya mawakili kutoka Uingereza, India, Nigeria na Kenya yenyewe. Jambo hili tulikumbuke, kwa kuwa tutalirudia. Wenzake wa siku zile walieleza baadaye kwamba msaada wake haukuishia mahakamani, bali uliwafikia kwa siri hata waliokuwa msituni, kwa fedha na kwa silaha.

Januari 1954 alifunga ndoa na Emma Dias. Miezi mitano baadaye, Juni 1954, alikamatwa. Hakufikishwa mbele ya hakimu. Alipelekwa Takwa, katika kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Wapwani wanaifahamu Takwa kwa magofu ya mji wa kale wa Waswahili na kaburi lake la nguzo. Huko, mahali ambapo palikuwa pamehamwa kwa karne kadhaa, serikali iliweka kambi ya watu iliotaka wasahauliwe. Baba yake alifariki dunia yeye akiwa kizuizini, wala hakuruhusiwa kwenda kumwona. Baada ya Manda alihamishiwa Kabarnet, akazuiwa kutoka huko hadi mwaka 1959. Serikali ya pili ikawa hiyo ya Uingereza, nayo ilimchukulia miaka mitano ya ujana na ya ndoa yake.

Alipoachiliwa hakudai fidia. Alianza kuwatafuta waliotoka vizuizini wakiwa hawana shamba wala kazi, na familia za waliofia msituni, ili wasaidiwe. Mwaka 1960 alianzisha gazeti la Sauti ya KANU, na baadaye akawa nguzo ya kampuni ya Pan African Press iliyochapisha Sauti ya Mwafrika kwa Kiswahili. Fedha za kuanzishia kampuni hiyo zilitoka India, kwa msaada wa Waziri Mkuu Nehru. Aliifanyia KANU kampeni katika uchaguzi wa 1963, na chama kikashinda. Wakati huo huo aliwasaidia waliokuwa wakipigania uhuru wa Msumbiji dhidi ya wale wale Wareno.

Desemba 1961 Wareno waling'olewa Goa. Desemba 1963 bendera ya Uingereza ilishushwa Nairobi. Pinto alikuwa na umri wa miaka 36, na serikali zote mbili alizopingana nazo zilikuwa zimeondoka. Mwaka 1963 alichaguliwa kuingia katika Bunge la pamoja la Afrika Mashariki, na Julai 1964 akaingia katika Bunge la Kenya kama mbunge maalumu. Chama kilichotawala kilikuwa chake, na rais alikuwa yule ambaye yeye mwenyewe alisaidia kutetewa kwake. Laiti angetaka kupumzika na kula matunda, hakuna ambaye angemlaumu. Wako waliofanya kazi ndogo kuliko yake wakajipatia mashamba makubwa.

Pinto hakupumzika. Swali alilokuwa akiuliza tangu Bombay ndilo alilolileta Bungeni: je, uhuru ni wa nani? Sehemu ya mashamba ya walowezi ilikuwa ikinunuliwa kwa mikopo kutoka Uingereza, na wananchi waliogawiwa walitakiwa kuyalipia. Wengi waliokuwa wameporwa ardhi hiyo hiyo hawakuwa na cha kulipa. Bildad Kaggia, aliyefungwa pamoja na Kenyatta, alilalamikia jambo hilo, akapoteza wadhifa wake wa waziri msaidizi Juni 1964. Pinto alisimama upande wa Kaggia na wa Jaramogi Oginga Odinga. Alishiriki pia kuanzisha Taasisi ya Lumumba, iliyofunguliwa Desemba 1964 ili kuwafunza makada wa chama.

Lazima tuelewe kwamba Pinto hakuunda chama cha upinzani. Novemba 1964 chama cha KADU kilijivunja na kujiunga na KANU, na kuanzia hapo pasiwe na upinzani rasmi Bungeni. Kila mjadala ulipaswa kufanyika ndani ya nyumba moja. Pinto alibishana ndani ya nyumba hiyo, kwa hoja, akiwa na kadi ya chama mfukoni. Hata hivyo watu wa mrengo wake waliitwa wakomunisti, watu waliotumwa na madola ya mbali. Na kwa mtu wa asili ya Goa, neno 'mgeni' nalo halikuwa mbali na midomo ya watu.

Hapa naomba niwe mwadilifu kwa upande wa pili. Serikali changa ya Kenya ilikuwa na sababu za kuwa na wasiwasi. Januari 1964 pekee kulikuwa na mapinduzi Zanzibar na maasi ya wanajeshi katika kambi ya Lanet. Kaskazini Mashariki vita vya shifta vilikuwa vikiendelea. Mataifa makubwa ya Mashariki na Magharibi yalikuwa yakimwaga fedha Afrika kununua marafiki, na kambi zote mbili za wanasiasa wetu zilipokea. Mtawala aliyekuwa akilala usiku akisikiliza kama kuna mlio wa risasi huwa hana subira na mbunge anayeuliza maswali. Tena siamini kwamba siasa ya kijamaa ambayo Pinto aliiamini ingetatua kila tatizo. Tumeona nchi zilizoifuata zikikwama kwa njia zake.

Hata hivyo, hoja yangu haihusu kama Pinto alikuwa sahihi. Mtu anaweza kukosea akiwa mzalendo, na anaweza kupatia akiwa msaliti. Hoja yangu ni kwamba yaliyobadilika kati ya mwaka 1954 na 1964 hayakuwa ndani ya Pinto. Mtu aliyedai ardhi irejeshwe kwa walioporwa aliitwa shujaa aliposema hivyo mbele ya gavana Mwingereza. Alipoyarudia maneno hayo hayo miaka kumi baadaye, akaonekana adui. Kama uzalendo ni sifa ya mtu, haiwezekani utoweke kwa sababu tu aliyeketi katika kiti cha serikali amebadilika. Kama unatoweka kwa sababu hiyo, basi haukuwa uzalendo tuliokuwa tukiupima. Ulikuwa utii.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 24 Februari 1965, Pinto alikuwa ndani ya gari lake katika njia ya kutokea nyumbani kwake Westlands, binti yake mdogo akiwa garini. Alipigwa risasi akafa papo hapo. Mtoto alinusurika. Kijana mmoja, Kisilu Mutua, alihukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Aliachiliwa mwaka 2001, akiwa ameshikilia miaka yote hiyo kwamba hakuua. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, iliyahesabu mauaji ya Pinto miongoni mwa mauaji ya kisiasa ya nchi hii. Mpaka leo hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa kuyapanga. Emma na mabinti zake watatu walihamia Kanada. Waswahili husema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Huyu alicheza kwao, na tuzo tunaijua.

Yaliyofuata yanatuonyesha gharama ya kumnyamazisha mtu wa namna hiyo, nayo haikulipwa na familia yake pekee. Takribani miezi miwili baada ya kifo chake, serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliohusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya maendeleo. Pamoja na mengine, waraka huo ulielekeza fedha za maendeleo katika sehemu zenye ardhi nzuri, mvua, barabara na reli, kwa hoja kwamba huko ndiko zitakakozaa haraka. Sehemu kame zingengoja. Zilingoja. Mtu wa Turkana, wa Wajir au wa Tana River anaweza kukueleza alingoja miaka mingapi. Katiba ya mwaka 2010, kwa kuleta serikali za kaunti na Hazina ya Usawazishaji, ilikuwa kwa sehemu kubwa jaribio la kurekebisha uamuzi huo baada ya miaka 45.

Sidai kwamba Pinto angeuzuia waraka huo akiwa hai. Ninachodai ni kwamba ulipofika Bungeni, mmoja wa watu waliokuwa na ujuzi na ujasiri wa kuuhoji alikuwa kaburini, na waliosalia walikuwa wamejifunza jambo kutokana na kaburi hilo. Joseph Murumbi, rafiki yake wa karibu, alikuwa Makamu wa Rais mwaka 1966 kwa miezi michache tu, kisha akajiuzulu. Odinga alijitoa serikalini mwaka huo huo akaunda KPU, na mwaka 1969 chama hicho kikapigwa marufuku na viongozi wake kuwekwa kizuizini, bila kufikishwa mbele ya hakimu, kama ilivyokuwa Manda. Serikali isiyotaka kuambiwa makosa yake na wanaoipenda nchi huishia kuambiwa na njaa, au na ghasia.

Yapo mambo ya karibuni yaliyonirudisha kwenye kisa hiki. Juni 2024 vijana wetu waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Wengi walikuwa wamejifunga bendera ya taifa, wakauimba wimbo wa taifa. Wapo waliowaita wazalendo, wapo waliouita uhaini. Bendera ilikuwa ile ile moja. Sisemi kwamba kila aliyebeba bendera siku ile alikuwa na nia njema, kama nisivyosema kwamba kila anayeipigia saluti ikulu ana nia mbaya. Nasema tuwe na kipimo kingine. Tuulize: mtu huyu anadai nini, anamdaia nani, na yuko tayari kupoteza nini mwenyewe? Kwa kipimo hicho Pinto, mwana wa Wagoa, aliyekuja kujifunza Kiswahili ukubwani, anawapita wengi ambao babu zao wamezikwa katika ardhi hii tangu jadi.

Pinto alizikwa katika makaburi ya City Park, Nairobi. Murumbi alipofariki mwaka 1990 alizikwa katika bustani hiyo hiyo, karibu na rafiki yake, kama alivyotaka. Nimeamua kwamba muhula huu nitawapeleka wanafunzi wangu huko, tutembee kutoka kaburi moja hadi jingine, niwasimulie haya niliyoyaandika hapa. Kisha nitawapa tena lile zoezi la neno 'mzalendo', nao wataandika wanavyoona.